Get, take, make, do, have: kuna kanuni au ni kukariri tu?

#1 KalamuNyekundu
Wakuu, nisiwachoshe. Vitenzi vidogo vya Kiingereza ndivyo vinavyofundishwa wiki ya kwanza, na ndivyo vinavyomwangusha mtu akiwa na miaka kumi ndani ya lugha. Mtu anaandika ripoti nzima kwa maneno mazito, halafu kwenye sentensi ya mwisho anaweka "I did a mistake".

Tazameni: "make a mistake" lakini "do damage". "Take a photo", "have a look", "give a speech", "pay attention". Kote humo kitenzi hakina mzigo, mzigo umebebwa na nomino. Halafu ukikifunga mkia, yaani kijineno kama "up" au "in", ndiyo balaa: "give up" ni kukata tamaa, "give in" ni kusalimu amri, "give away" ni kugawa bure au kufichua siri.

Hoja yangu: kanuni hakuna, ni kukariri. Anayebisha alete kanuni inayofanya kazi angalau mara nane katika kumi.

#2 Nukta_Tatu
Kanuni ya "make" na "do" ipo, na ni fupi. Jiulize: baada ya tendo, kuna kitu kimebaki ambacho hakikuwepo? Kama kipo, "make": a cake, a list, a plan, a decision, a mistake. Kama ni kazi au shughuli tu unayoimaliza, "do": homework, the laundry, the dishes, research, exercise. Ndiyo maana "do research" lakini "make a discovery". Utafiti ni shughuli, ugunduzi ni tunda lake.

#3 Binti_Sarufi
@Nukta_Tatu kelele imebaki wapi baada ya "make a noise"? Na "do damage" je, hasara si inabaki? Ukuta umebomoka uko palepale unatazamwa.

#4 Nukta_Tatu
Kelele hazikuwepo, zikawepo. Sikusema zikae milele. Damage nakupa, hiyo ni ya kukariri pamoja na ndugu zake: "do harm", "do good", "do justice", "do a favour". Zote ni za kumtendea mtu jambo, jema au baya. Ukilikumbuka kundi hilo umemaliza nusu ya vighairi.

#5 Shoka_Butu
Tunawashangaa Waingereza huku sisi tuna *piga*. Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, kura, chafya, magoti, hodi, mbizi na breki, na hapo hakuna aliyechapwa hata kofi. Tukitoka hapo tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, tunakata rufaa, tunakata tamaa, tunatia sahihi.

Kwa hiyo kitenzi chepesi chenye nomino nzito si ugeni kwetu. Tunakosea kwa sababu tunatafsiri kitenzi peke yake badala ya kubadilisha kirai kizima. Mifano ninayoisahihisha kila mara:

Kunywa dawa: si "drink medicine", ni "take medicine", hata kikiwa kidonge. Kupata ajali: si "I got an accident", ni "I had an accident". Kukata simu: si "cut the call", ni "hang up". Kupiga mswaki: "brush your teeth", kitenzi cha maana kabisa, hamna wepesi hapo. Kufanya mtihani: "take", "do" au "sit an exam". Ukisema "make an exam" maana yake wewe ndiye uliyetunga maswali.

#6 Chumvi_Kidogo
Umesahau bingwa wao: "Please off the light." 😂

#7 Shoka_Butu
@Chumvi_Kidogo hiyo nimeiacha makusudi. "Off" kama kitenzi ipo, lakini kwenye lugha ya mitaani ni kumuua mtu. Maskini taa.

#8 MzeeWaKamusi
Mnajadili matawi, shina mmeliruka. "Get" na "take" si Kiingereza cha asili, vililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza miaka elfu na zaidi iliyopita. Kwa lugha yao vilikuwa *geta* na *taka*. Kabla ya hapo Kiingereza cha kale kilikuwa na *niman* kwa maana ya kuchukua, ndugu wa *nehmen* ya Kijerumani. *Niman* ilikufa ikaacha vipande viwili, "numb", yaani aliyechukuliwa hisia, na "nimble".

Mwaka 1066 wakaingia Wanormani na Kifaransa, na baadaye wasomi wakaongeza maneno ya Kilatini. Ndipo zikatokea ngazi mbili: "put off" ya mtu wa kawaida na "postpone" ya mwenye kalamu, "put up with" na "tolerate", "put out" na "extinguish". Vitenzi vidogo vilibaki kwenye midomo ya watu, na neno linalotumika kila saa lazima lipate maana nyingi. Kama kisu cha jikoni, utakatia nyanya, utafungulia kopo, utakazia skrubu.

#9 Binti_Sarufi
Sahihisho dogo kwa Mzee. "Get" iliyosimama peke yake ndiyo ya Skandinavia. Mzizi wenyewe ulikuwepo kwenye Kiingereza cha kale, ila ndani ya maneno yenye kiambishi. "Forget" ni mwenyeji wa siku zote. Na "make", "do", "have" na "go" ni wenyeji pia, wala wao hawana unafuu wowote. Kwa hiyo ugeni hauelezi kwa nini vina maana nyingi.

#10 MzeeWaKamusi
Nimepokea kuhusu "forget". La pili silikubali, sikusema ugeni ndio uliozaa maana nyingi. Nimesema matumizi.

#11 Kikombe_cha_Pili
Kwenye kamusi kubwa ya Oxford neno lenye maana nyingi kuliko yote ni "set", kama 430 hivi. Nani atakariri hizo?

#12 Binti_Sarufi
@Kikombe_cha_Pili hiyo ni toleo la pili, la 1989. Waliporudia kuhariri, "run" ilipita ikafika maana 645. Mashine inarun, pua inarun, mgombea anarun, basi linarun kila nusu saa, rangi ya nguo inarun kwenye maji. Na hakuna anayekariri 645. Anashika wazo moja, kitu kinachokwenda bila kusimama, mengine anayabahatisha na anapatia.

#13 Fundi_Mkia
Ngoja niingie kwenye mikia maana naona mnaikwepa.

Kwanza, mpangilio. "Turn off the light" sawa, "turn the light off" sawa. Ukiweka kiwakilishi, kinakaa katikati tu: "turn it off". "Turn off it" haipo. Nomino ikiwa ndefu, mkia urudi karibu na kitenzi: "She turned down the offer they sent last week". Ukiupeleka mwisho kabisa, msomaji anafika kwenye "down" ameshasahau "turned".

Pili, si kila kijineno ni mkia. "Look after the child" haikatwi: "look after him", kamwe si "look him after". Kijineno hapo ni kihusishi, kinamshika anayefuata. Namna ya kutofautisha ni kwa sikio. Mkia wa kweli hubeba mkazo wa sauti: turn it OFF, look it UP. Kihusishi hakibebi: LOOK at it, WAIT for it. Ukisikiliza mzungumzaji kwa dakika tano utaanza kuisikia.

Tatu, maandishi. Kitenzi huandikwa maneno mawili, nomino yake neno moja na mkazo unahamia mwanzoni. "To log in" lakini "your login". "To set up" lakini "the setup". Hili kosa limejaa kwenye programu za kompyuta zilizoandikwa na wenye lugha wenyewe, kwa hiyo msijilaumu sana.

#14 Chumvi_Kidogo
Na ukigeuza mkia ukawa kichwa? "Look over" na "overlook"?

#15 Fundi_Mkia
Swali zuri, hapo ndipo watu wanapolizana. "Look over" ni kupitia kitu kwa macho, "overlook" ni kutokukiona. "Take over" ni kushika usukani, "overtake" ni kulipita gari la mbele. "Set up" ni kusimika, "upset" ni kupindua au kumwudhi mtu. "Hold up" ni kuchelewesha au kupora kwa silaha, "uphold" ni kudumisha. "Go under" ni kuzama au kufilisika, "undergo" ni kupitia, kama upasuaji.

Kijineno kilichogandishwa mbele ni mtindo wa zamani zaidi wa lugha hiyo. Baadaye mazoea yakahamia kukiweka nyuma kikiwa huru. Neno likaja kuzaliwa mara mbili, kila mtoto na tabia yake.

#16 Nukta_Tatu
Basi ongezeni hapo: sisi kazi ya mkia tunaifanya ndani ya kitenzi. Kaa, kalia, kalisha. Toka, tokea, tokeza. Ziba, zibua. Funga, fungua, fungia. Mwingereza anabadilisha kijineno nje, sisi tunabadilisha mwisho wa neno. Kwa hiyo anayeona "up" na "off" ni uchawi ajaribu kumweleza mgeni kwa nini *hamia* ni kwenda mahali na *hama* ni kuondoka.

#17 Shoka_Butu
Inafanana lakini si sawa. Viambishi vyetu vina kazi inayotabirika kiasi. *-ia* nyingi ni kwa ajili ya, mahali, au kuelekea. "Up" inatabirika wapi? "Eat up" ni kumaliza chakula, "give up" ni kuacha, "make up" ni kupatana, kutunga uongo au kujipaka poda.

#18 Fundi_Mkia
"Up" ina kazi moja kubwa: hadi mwisho. "Eat up", "use up", "drink up", "tear up", "clean up". Kwenye "give up" umekabidhi chote hadi mwisho. Kwenye "make up" umejaza pengo mpaka likajaa, pengo la ugomvi, la ukweli, la uso. Jaribu kuondoa "up": "I ate the bread" inawezekana kilibaki kipande. "I ate up the bread" sahani ni tupu.

#19 Binti_Sarufi
@Fundi_Mkia hiyo ya uso umeivuta kwa kamba. Na kama "up" ni hadi mwisho, kwa nini nyumba "burns down" na karatasi "burns up"?

#20 Fundi_Mkia
Kwa sababu nyumba ina kimo. Ikiungua inashuka hadi msingi. Karatasi haina pa kushukia, inaisha tu.

#21 Binti_Sarufi
Na "slow up" na "slow down", zote kupunguza mwendo? Na fomu, "fill in" na "fill out", kazi ileile?

#22 Fundi_Mkia
"Fill in" unatazama nafasi zilizo wazi, unatia ndani. "Fill out" unatazama fomu nzima, inanenepa. Waingereza wanapenda ya kwanza, Wamarekani ya pili. "Slow up" nitarudi. 😅

#23 Chumvi_Kidogo
Hajarudi huyo.

#24 MzeeWaKamusi
Wakati tunamsubiri, pigeni bongo hii. "The stars are out": nyota zinaonekana. "The lights are out": taa hazionekani. Neno lilelile, kinyume kabisa. Na hii: "The alarm went off, so I turned it off." Ya kwanza imelia, ya pili imenyamaza.

#25 Kikombe_cha_Pili
Hapo kanuni zote zimekufa. Funga uzi.

#26 Binti_Sarufi
Hazijafa. "Out" ni kutoka ndani, swali ni wewe umesimama wapi. Nyota zimetoka mafichoni zikaja unapotazama. Taa imetoka kwenye hali ya kuwaka, imeondoka kwako. "Find out" na "work out" ni za upande wa nyota, jambo limetoka gizani. "Run out" na "die out" ni za upande wa taa.

"Off" ni kuachana na hali iliyokuwepo. Kengele ilikuwa kimya ikafyatuka, kama bunduki inavyo-"go off". Ukii-"turn off" umeiondoa kwenye kazi. Na maziwa yaki-"go off" kwa Waingereza, yameachana na uzima. Ni yaleyale.

#27 Shoka_Butu
Maelezo mazuri, ila yote yanakuja baada ya kujua jibu. Mpe mwanafunzi "put off" hajawahi kuiona, atabahatisha kuahirisha? Atasema kuweka chini. Maelezo ya kusaidia kumbukumbu ni kitu kimoja, kanuni ya kutabiri ni kingine.

#28 KalamuNyekundu
@Shoka_Butu umenisemea. Turudi kwenye vyepesi. Nani ataeleza kwa nini "have a drink" ipo na "have an eat" haipo?

#29 Nukta_Tatu
"Have a" ikifuatwa na tendo huwa ni jambo la muda mfupi, la kujifurahisha au kujaribu, ambalo halina mwisho maalumu na unaweza kulirudia: a swim, a chat, a rest, a look, a go, a lie-down. Kunywa kidogo kunaingia. Kula kunakwenda hadi chakula kiishe, hakuingii, ndiyo maana wanasema "have a bite". Huwezi "have a build" wala "have an arrive".

Kwa "take", Wamarekani wanaitumia kwenye nyingi ambazo Mwingereza anaweka "have": "take a shower" na "have a shower". Zote sahihi, usichanganye tu kwenye andiko moja. Uamuzi vilevile, "make a decision" ni kote, "take a decision" utaikuta zaidi Uingereza.

#30 Kikombe_cha_Pili
Hao Wamarekani ndio walioharibu, "gotten" ni nini?

#31 MzeeWaKamusi
Polepole. "Gotten" ni ya zamani, ilivuka bahari na wahamiaji, Uingereza ikaiacha nyuma yao. Waingereza wenyewe bado wanasema "forgotten" na "ill-gotten". Na Mmarekani ana faida: "I've got a car" ninalo, "I've gotten a car" nimelipata. Mwingereza anatumia "got" kwa yote mawili.

#32 Binti_Sarufi
Tukiwa kwenye "get", kipimo cha haraka ni kuibadilisha uone ipi inakaa. Kuwa: "get tired", "get dark". Kupokea: "get a letter". Kufika: "get home", bila "to". Kuelewa: "I get it". Kuleta: "get me a chair". Kutendwa: "get fired", "get married". Kubahatika: "I never got to see it". Hiyo ya mwisho ndiyo wanaoisoma kama kufika wanapotea njia.

Kwenye barua rasmi wanakwambia iondoe, weka "obtain", "receive", "become". Sawa, lakini usizidishe. "I obtained a cold" hakuna anayesema isipokuwa aliinunua.

#33 Fundi_Mkia
Nimerudi. Si kwa "slow up".

Kuna kosa la barua pepe halijatajwa: "I look forward to hear from you". Ni "hearing". Kipimo: weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inakaa, kwa hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi kinachofuata kichukue -ing. "I'm used to it" inakaa, basi "I'm used to waking early", nimezoea. "I used to it" haikai, basi "I used to wake early", zamani nilikuwa naamka.

Na "cope up with" futeni kabisa. Ni "cope with". "Up" hapo imetoroka kutoka "keep up with" na "put up with".

#34 Chumvi_Kidogo
Mwenye mikia leo anakata mkia.

#35 Shoka_Butu
Kabla hatujapotea: kumfanya mtu atende. Sisi tuna *-sha* na *-za*, wao wana vinne na kila kimoja na masharti yake. "Make him sign", kwa nguvu, bila "to". "Have him sign", kwa kuagiza, bila "to". "Get him to sign", kwa kumshawishi, na "to". "Let him sign", kwa kumruhusu, bila "to". Ukigeuza kuwa kutendwa, "to" inarudi kwa ya kwanza: "he was made to sign". Ya "let" haigeuzwi hivyo, unasema "he was allowed to sign".

Na mpangilio wa maneno ni roho: "I had my hair cut", nimenyolewa. "I had cut my hair", nilikuwa nimejinyoa. Neno moja limehama, kinyozi amekosa kazi.

#36 Kikombe_cha_Pili
Ahsanteni. Sasa kivitendo mtu ajifunzeje? Orodha ya "get" ina kurasa.

#37 Binti_Sarufi
Usifungue kamusi kwenye kitenzi, fungua kwenye nomino. Ukitaka kusema uamuzi, tafuta "decision", mifano itakuonyesha "make", "take", "reach", "come to". Ukifungua "make" utazama. Andika kwenye daftari kirai kizima pamoja na kiwakilishi mahali pake: "turn it down", "look after it". Hapo mpangilio umejikariri wenyewe.

#38 MzeeWaKamusi
Inawezekana kuishi na vichache. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850, na vitenzi vilikuwa 18 tu: "come", "get", "give", "go", "keep", "let", "make", "put", "take" na wenzao. "Enter" ilikuwa "go in".

#39 Shoka_Butu
Akahamisha ugumu wote kwenye mikia bila kuihesabu. 850 ya ujanja.

#40 KalamuNyekundu
Nimepima kanuni ya #2 kwa nomino kumi nilizookota bila kuchagua: mistake, decision, list, progress, homework, research, noise, bed, favour, damage. Sita za kwanza zimepita. Noise tumebishana. "Make the bed" inaanguka, kitanda kilikuwepo. Favour na damage zinaanguka. Sita na nusu, nilitaka nane.

#41 Nukta_Tatu
Noise inapita, nimeshaeleza #4. Bed inapita pia: kinachotengenezwa ni mpangilio wa shuka, si mbao, na huo haukuwepo ulipoamka. Hizo nane.

#42 KalamuNyekundu
Na vyombo? Usafi wake haukuwepo nilipomaliza kula, mbona ni "do the dishes"?

#43 Chumvi_Kidogo
Fundi_Mkia, "slow up" inakuita.